Mlango wa Chumbani

Zizi halivunjwi ukutani.
Miiba ya mgunga tuliipanga mpaka kifuani,
mingine ilikuwa bado na maua,
na fisi hakuigusa.
Aliingia mlangoni, kama mgeni,
palipokuwa na matawi mawili na kamba ya katani
niliyoifunga mwenyewe, nikiwa na usingizi.

Alimchukua Sare,
yule mbuzi mwenye baka jeupe shingoni.
Tulimwita hivyo kwa sababu mwezi wa kwanza
angepelekwa mnadani Mpwayungu
arudi akiwa shati na kaptula ya Ndahani.
Asubuhi tukakuta kwato moja, na mburuzo mchangani
ulioelekea korongoni bila haraka.

Bwana wa wanyamapori alifika siku ya tisa,
akaitandaza fomu juu ya tangi la pikipiki.
Mnyama gani? Fisi.
Umejuaje? Nilimsikia akicheka.
Kicheko hakina kisanduku hapa, mama.
Nikampa kwato. Akaigeuza, akanirudishia.
Akasema kifuta jasho kina safari yake:
kijiji, kata, wilaya, na huko mbele.
Nikasema, baba, jasho lenyewe limeshakauka,
labda walete cha kukwangulia chumvi.
Akacheka. Akaomba maji ya kunywa, nikampa.
Hayakuwa makosa yake.

Chilongani hakungoja fomu.
Alipoliwa ndama, alitia sumu kwenye mabaki.
Kesho yake tulikuta fisi jike, matiti yamejaa.
Tumbusi wanne, mabawa yametandazwa
kama nguo zilizoanikwa na mtu mwenye haraka.
Na mbwa wetu, Watachoka,
niliyempa jina hilo ili majirani walisikie,
amejikunja njiani, kichwa kimeelekea nyumbani.
Sikumlaumu Chilongani kwa sauti.
Alikuja na jembe lake, akachimba yeye.

Korongo lilikaa kimya siku kumi na moja.
Kisha kikasikika kicheko kingine, chembamba,
cha mgeni asiyejua bado njia za hapa.

Usiku ule niling'oa mlango wa chumba chetu.
Ni wa mninga. Njamasi aliununua mwaka tuliooana,
akaufunga kwenye baiskeli, akatembea nayo kutoka Mvumi,
watu wakimuuliza njiani:
mlango umepata, nyumba iko wapi?
Nilitoa bawaba kwa kisu na msumari.
Ndahani alinishikia tochi,
tukauburuza nje kimyakimya
kama wezi wa nyumba yetu wenyewe.
Sasa uko zizini, kati ya nguzo mbili za mpingo,
una mnyororo wa baiskeli ile ile
na debe tupu limening'inizwa juu.
Chumbani nimeweka kitenge.

Njamasi alipiga simu kutoka Dodoma mjini, anakochoma matofali.
Unalalaje bila mlango?
Nikamwambia, mbuzi sita wamelala.
Akanyamaza mpaka salio likaisha.

Upepo wa mwezi wa saba, ule unaopasua midomo,
unakijaza kitenge na kukiacha.
Ndahani anawahesabu kutoka kitandani kwake,
anawajua kwa vikohozi.
Mama, wa tano hakohoi.
Amelala. Nawe lala.

Kisha tunaisikia pua.
Inapita chini ya ubao, inavuta pumzi ndefu,
inapanda polepole mpaka kwenye alama za mkaa
nilizompimia mtoto kila Pasaka,
inasimama kwenye mwaka wa pili,
hapo hapo, kwa muda mrefu.
Sijui inasoma nini.

Debe linalia mara moja.
Nimekaa, mguu mmoja chini,
na rungu limelala upande wa Njamasi.